Kichwa cha majeruhi ukiweke vipi? Mikao minne kwa watu wa barabarani na wa mwaloni

Jioni moja Buzuruga, jijini Mwanza, bodaboda ilikula mzinga na bajaji. Kijana akabaki chali juu ya lami, macho yamefumba, anakoroma. Haikupita dakika walikuwepo watu ishirini na ushauri ishirini. "Msimguse, shingo hiyo!" "Mkalisheni apate hewa!" "Mmwagieni maji!" Mama mmoja muuza ndizi akavua kitenge chake, akakikunja vizuri na kumwekea chini ya kisogo, kwa huruma kabisa. Kule kukoroma kukazidi, kisha kukaanza kukatikakatika. Aliyemwahi ni konda wa daladala: alikichomoa kile kitenge na kukivuta kidevu cha kijana juu. Pumzi ikarudi.

Ninawafundisha huduma ya kwanza madereva wa vijiwe na wavuvi wa mwaloni (pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa), na swali linalorudi kila mara ni hilo hilo la Buzuruga: "Mwalimu, sasa nisimguse shingo, au nimgeuze?" Wanaosema asiguswe wana hoja. Wanaosema ageuzwe wana hoja pia. Tatizo ni kwamba kila upande umesikia nusu ya somo.

Nitaiweka mikao minne ubavu kwa ubavu: kukituliza kichwa kilivyo, kuinua kidevu, kusukuma taya, na kumlaza ubavu. Mwishoni nitagusia kidogo mtu aliye macho, ambaye mara nyingi hahitaji hata mmoja kati ya hiyo.

Tunapima kwa nini?

Kipimo cha kwanza ni hewa: je, mkao unaiacha njia ya koo wazi, na matapishi au damu vikija vitapata pa kutokea? Cha pili ni shingo: inatikisika kiasi gani? Cha tatu ni mikono: mnahitajika wangapi, na mtu aliyejifunza siku moja ataweza? Cha nne ni muda: unaweza kumwacha hivyo ukaenda kutafuta gari, au ukiondoa mkono tu kila kitu kinaharibika?

Vipimo hivyo havina uzito sawa. Ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika ndani ya dakika chache, kama nne hivi. Shingo iliyovunjika inaweza kuharibika zaidi ikichezewa, kweli, lakini si majeruhi wengi wa ajali waliovunjika shingo, ilhali kila aliyepoteza fahamu akiwa chali yuko hatarini kuzibwa koo. Basi vikigongana, hewa inatangulia. Ukiondoka na sentensi hiyo moja, hukupoteza muda wako kusoma.

Na kwa nini koo linaziba? Watu husema "kameza ulimi". Ulimi haumezwi, umeshikamana na taya la chini. Mtu akizimia, misuli inalegea, taya linarudi nyuma na ulimi unaanguka nalo, ukalala kooni kama mlango uliojifunga. Huko kukoroma ndiko sauti ya mlango uliobaki na upenyo. Kwa hiyo hakuna haja ya kijiko wala kidole mdomoni: ukilivuta taya, ulimi unakuja wenyewe. Hapo pia utaona kosa la kile kitenge. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5, na ukikiinua kwa mto, kidevu kinasukumwa kifuani, njia inajikunja. Mto ni starehe ya mtu aliye macho. Kwa aliyezimia akiwa chali, ni kizibo.

1. Kukituliza kichwa kilivyo

Piga magoti nyuma ya kichwa chake, viwiko vyako viegemee ardhini au mapajani ili usichoke, viganja vishike kichwa pande zote mbili bila kuziba masikio. Humvuti, humnyooshi kwa nguvu. Kama kichwa kimepinda na kukinyoosha kunamuuma au kunagoma, kiache kilivyo.

Hewa: mkao huu hauisaidii hata kidogo. Unafaa tu pale ambapo mtu tayari anapumua vizuri na, hasa, anaongea.

Shingo: hapa ndipo unapowashinda wengine. Shingo ina pingili 7, na neva zinazoendesha kiwambo cha kupumulia hutoka usawa wa pingili ya tatu hadi ya tano. Ndiyo maana jeraha la juu la shingo linaweza kuondoa miguu, mikono na hata pumzi.

Mikono: mtu mmoja, hata asiyejua kitu, ilimradi awe mvumilivu. Kuna mtego mmoja mdogo ambao nimeuona darasani mara nyingi. Unamshika kichwa, unamuuliza, "Unasikia maumivu shingoni?" naye anaitikia kwa kutikisa kichwa! Anza kwa kumwambia: "Kaka, usitikise kichwa, nijibu kwa mdomo." Na akipambana kujitoa, usimkabe. Kupigana na mikono yako kunaitikisa shingo kuliko kumwachia ajishike mwenyewe anavyoona nafuu.

Muda: huwezi kuondoka. Wewe ndiwe mhimili mpaka wafike wahudumu.

Unamfaa aliye macho, aliyeanguka kutoka mwembeni au juu ya jengo, aliyerushwa na pikipiki, au aliyeruka majini kichwa mbele akagonga jiwe, hasa akilalamika shingo, ganzi, au mikono na miguu kukosa nguvu. Zile kola za kujitengenezea kwa maboksi ziacheni. Tangu 2015 miongozo ya kimataifa haiwashauri watoa huduma ya kwanza kuvalisha kola ya shingo kama desturi, hata ile ya dukani.

2. Kurudisha kichwa nyuma na kuinua kidevu

Ndicho alichofanya yule konda, iwe alifundishwa au alikisia. Kiganja kimoja kwenye paji la uso, vidole viwili vya mkono wa pili chini ya mfupa wa kidevu (mfupa wenyewe, si ile nyama laini, maana ukiibonyeza unausukuma ulimi juu), kisha rudisha kichwa nyuma huku kidevu kikipanda. Sogeza shavu lako karibu na mdomo wake, tazama kifua, sikiliza, kwa muda usiozidi sekunde 10.

Hewa: ndiyo njia ya haraka na ya uhakika ya kuufungua mlango. Lakini haizuii matapishi. Mtu akitapika akiwa chali hivyo, yanarudi ndani.

Shingo: inasogea, hakuna kudanganyana. Ukihisi imeumia, rudisha kidogo kidogo na uishie pale hewa inapopita.

Mikono: mmoja anatosha, na darasa zima hulijua ndani ya nusu saa.

Muda: ukiachia, taya linarudi lilikokuwa.

Unamfaa asiyepumua, kwa sababu ndiyo maandalizi ya kupuliza pumzi na kubonyeza kifua. Hapa niweke neno kuhusu kupumua kwenyewe. Moyo ukisimama, mtu anaweza kuendelea kwa muda kuvuta pumzi moja moja za kushtukia, mdomo ukifunguka na kufunga, na waliomzunguka wakashangilia kwamba yuko hai. Mmewaona sangara wakitupwa mtumbwini. Pumzi za namna ile kwa binadamu si kupumua: anza kubonyeza kifua, 30 kwa pumzi 2, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika.

Kwa watoto mkao unabadilika. Mtoto mchanga ana kisogo kikubwa na koo laini, na ukikirudisha kichwa chake nyuma kama cha mtu mzima unaweza kuliziba tena. Uso wake utazame juu tu, sawasawa, na kanga iliyokunjwa mara chache iwekwe chini ya mabega, si chini ya kichwa. Mtoto mkubwa kidogo anarudishwa kichwa kidogo tu, kama anayenusa.

3. Kusukuma taya mbele

Uko nyuma ya kichwa kama kwenye mkao wa kwanza, ila vidole vyako vinashika zile pembe za taya chini ya masikio na kulisukuma taya kuelekea juu, meno ya chini yakipita mbele ya ya juu. Vidole gumba vinaufungua mdomo.

Hewa: inafunguka vizuri ikifanywa sawasawa. Ikifanywa vibaya, haifunguki kabisa, na anayefanya hajui.

Shingo: inatulia zaidi kuliko kwa kuinua kidevu. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Mikono: na hapa ndipo penye kasoro. Mikono yako yote miwili imefungwa, vidole vinachoka upesi, na ukiwa peke yako huwezi kupuliza pumzi vizuri wala kubonyeza kifua. Muda nao ni ule ule, ukiachia imekwisha.

Kwa maoni yangu mbinu hii husifiwa kuliko inavyotumika. Inawafaa wauguzi, askari wa zimamoto na uokoaji, na yeyote aliyeifanyia mazoezi kwa mikono yake zaidi ya mara moja, akiwa na mwenzake wa kushughulikia mengine. Na hata wao hufundishwa kwamba ikishindwa kuifungua njia, wanahamia kwenye kuinua kidevu bila kujilaumu.

4. Kumlaza ubavu

Piga magoti pembeni yake. Mkono wake ulio karibu nawe unyooshe kando, kiwiko kikunjwe. Mkono wa mbali uulete uvuke kifua, mgongo wa kiganja uwe shavuni pake, ukaushikilie hapo. Kwa mkono wako mwingine vuta goti lake la mbali juu, mguu ukunjike, kisha livute hilo goti kuja kwako. Mwili wote unabiringika kwa wepesi ambao huwashangaza wanafunzi wangu: binti wa kilo 45 anamgeuza mbeba magunia wa Kirumba. Ukimaliza, kichwa kielekezwe nyuma kidogo na mdomo utazame chini.

Hewa: mkao bora kwa anayepumua lakini hajitambui. Ulimi unaanguka mbele, matapishi yanatoka nje.

Shingo: inageuka pamoja na mwili, na ukiharakisha inapinda. Kuna namna ya kupunguza hilo. Badala ya kuuweka mkono ulio karibu nawe kando, unyooshe juu kabisa, kupita kichwa chake, ili ukimgeuza kichwa kilale juu ya mkono huo na shingo isining'inie. Mkiwa watatu au wanne, mmoja ashike kichwa na ndiye atoe amri ("moja, mbili, geuza!"), wengine wageuze bega, nyonga na miguu kwa pamoja kama gogo. Norway wahudumu wa magari ya wagonjwa huwalaza ubavu majeruhi wa ajali waliopoteza fahamu, kwa hiyo hili si wazo la watu wazembe na shingo.

Mikono: mmoja anatosha, wanne ni heri.

Muda: ni huu peke yake unaokuruhusu kuondoka kidogo kusimamisha gari au kupiga 112, au 114 ya zimamoto na uokoaji. Rudi upesi uangalie pumzi. Ikikatika, mrudishe chali uanze kifua. Akikaa hivyo muda mrefu, mgeuzie ubavu wa pili kila baada ya nusu saa hivi.

Unamfaa aliyelewa gongo mpaka hazinduki, aliyemaliza degedege au kifafa, aliyezimia njiani, na majeruhi wa ajali asiyejitambua ambaye anatapika, au ambaye wewe uko naye peke yako. Mama mjamzito, ubavu wa kushoto.

Aliye macho

Hapa sina maneno mengi. Anayehema kwa shida, mwache akae anavyoona nafuu, mara nyingi ameinama mbele. Kumlazimisha alale ni kumkaba. Anayetoka damu puani ainame mbele, ziminywe zile nyama laini za pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia na kuchungulia. Kile kichwa cha kuangalia dari tulichofundishwa utotoni hupeleka damu tumboni, na tumbo likijaa damu litaitapika.

Sasa wewe uko wapi?

*Barabarani, Nyakato au Buhongwa, dereva yuko chini na helmeti kichwani.* Kama anaongea, mkao wa kwanza, helmeti ibaki, fungua kioo tu. Kama hajitambui ila anapumua vizuri na mko wengi, mmoja akitulize kichwa na wengine wakae tayari kugeuza, akikohoa au kutapika mgeuzeni kama gogo. Ukiwa peke yako, ubavu, usisubiri kutapika. Kama hapumui, helmeti itoke: mmoja ashike taya na kisogo kutoka chini, mwingine aipanue kingo na kuivuta taratibu, kisha kidevu juu na kifua kibonyezwe.

Halafu linakuja suala la kumpeleka hospitali, Sekou Toure au Bugando. Naomba mshikaki uachwe. Najua sababu zake, gari halionekani na bodaboda iko hapo hapo. Lakini majeruhi aliyebanwa katikati ya dereva na msindikizaji, kichwa kikining'inia mbele kila kwenye tuta, anaharibiwa shingo na kuzibwa koo kwa wakati mmoja. Kirikuu yenye godoro, au hata ubao wa genge nyuma ya pikapu, akiwa ubavu na mtu mmoja kichwani, ni bora hata kama mtasubiri dakika kumi. Asiyepumua hasubiri chochote: kazi inaanzia pale pale lami.

*Mwaloni, ametolewa majini.* Hapa ushauri unageuka, na ndipo wengi hukosea wakijidai waangalifu. Aliyezama, kukosa hewa ndiko kunakomuua, na majeraha ya shingo kwa waliozama ni machache sana. Kama hukumwona akiruka kichwa mbele, hakugongwa na boti na hana jeraha la kichwa, usipoteze muda na shingo. Mlaze chali, kidevu juu, pumzi kwanza. Miongozo ya Ulaya inataka pumzi 5 za mwanzo, ya Marekani 2. Fuata ile uliyofundishwa, kisha 30 kwa 2. Kumning'iniza miguu juu, kumbeba begani ukikimbia naye, kumkamua tumbo ili maji yatoke: yote hayo yanakula zile dakika nne, na tumbo likikamuliwa kinachotoka ni chakula, kinachorudi mapafuni. Akianza kupumua mwenyewe, haraka ubavu, maana karibu lazima atapike.

Ila kijana aliyejirusha kutoka kwenye mawe, pale maji yanapoonekana marefu kumbe jiwe liko chini tu, huyo shingo yake ihesabu kuwa imeumia. Kama anapumua, mwache aelee chali, kichwa kimeshikwa kwenye mstari mmoja na mwili, msimkimbize nje kabla hamjapata watu wa kumtoa akiwa amenyooka. Kama hapumui, mtoeni.

*Nyumbani, mtoto ana degedege.* Usimshike mikono, usimtie kijiko. Weka kanga laini chini ya kichwa asikigonge sakafuni (hapa kitambaa kinaruhusiwa, kwa dakika hizo tu), hesabu muda, na mshtuko ukikoma mlaze ubavu kisha mpeleke hospitali.

*Kisiwani au ng'ambo, hospitali iko mbali.* Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, anayetoka Sengerema hasubiri tena kivuko. Wa Ukerewe bado ana maji mbele yake, na kutoka Nansio hadi Mwanza meli huchukua karibu saa tatu. Kwa safari ya namna hiyo, asiyejitambua alale ubavu kwenye sakafu ya chombo, mgongo umeegemezwa mizigo laini au nyavu kavu asibiringike mawimbi yakija, uso uelekee upande wenye nafasi ili uone mdomo. Panga zamu ya kukaa kichwani pake, mtu mmoja mmoja, mkono ukiwa karibu na pua kusikia pumzi, kwa sababu kelele ya injini itameza sauti ya kukoroma. Andika kwenye simu saa aliyozimia, saa mliyomgeuza, na kama aliwahi kusogeza vidole vya miguu. Muuguzi wa zamu atakuuliza hayo kabla hajauliza jina.